Kurudi kwenye leza baada ya uso kuchubuliwa: gharama iko wapi hasa

Msimu wa harusi ukikaribia, kliniki na saluni za urembo za Dar es Salaam na Nairobi hutangaza vifurushi vya bibi harusi: leza ya kuondoa nywele, pilingi ya uso (kuimenya ngozi kwa asidi), vijisindano vya kufuta makovu ya chunusi, vyote kwa bei moja na vyote ndani ya wiki chache. Ukijumlisha bei ya huduma moja moja, kifurushi kinaonekana nafuu. Kwa ngozi nyeusi mimi nakiona ndicho ghali kuliko vyote, kwa sababu huduma hizo tatu haziwezi kurundikwa kwenye wiki chache bila mojawapo kuiharibu nyingine. Pilingi na vijisindano huiachia ngozi kazi ya kujijenga upya. Leza ikifika kabla kazi hiyo haijaisha, inachoma.

Leza hufuata rangi nyeusi. Mwanga wake unamezwa na melanini iliyomo kwenye unywele, unageuka joto, na joto hilo linashuka hadi kwenye shina na kuliunguza. Kanuni hii ilielezwa mwaka 1983 na madaktari wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliruhusu leza ya kwanza ya kuondoa nywele. Mazingira mepesi kwake ni ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi, maana hapo mwanga hauna kitu kingine cha kukamata njiani. Sisi wengine melanini tunayo kuanzia tabaka la juu kabisa la ngozi, kwa hiyo sehemu ya joto inabaki huko huko juu. Ngozi iliyotulia na kupozwa vizuri inalimudu. Ngozi iliyotoka kumenywa na asidi wiki iliyopita ina tabaka jembamba la juu, na seli zake za rangi zimeshaamshwa na majeraha. Matokeo yake ni madoa meusi yanayokaa miezi, pengine zaidi ya mwaka, au mabaka meupe ambayo ni magumu zaidi kuyatibu.

Basi usubiri muda gani? Wataalamu hawalingani kwa siku, lakini mipaka yao haipishani sana, na kwa ngozi nyeusi busara ni kushika upande mrefu wa kila kipimo. Baada ya kusuguliwa uso kwa mashine ya chembechembe, subiri wiki 1 hadi 2. Pilingi nyepesi, zile za asidi ya glaikoli, laktiki au salisiliki, zinadai wiki 2 hadi 4. Mimi ningekwenda na 4. Vijisindano vivyo hivyo, wiki 4. Pilingi ya kati inayotumia asidi ya TCA inahitaji kama miezi 3, na leza ya kaboni dayoksidi inayotoboatoboa ngozi ili kuinua makovu inahitaji miezi 3 hadi 6. Botoksi na fila hazimenyi ngozi, kwa hiyo wiki 2 zinatosha ili dawa itulie na uvimbe uishe.

Dawa za kupaka nazo zina hesabu yake. Krimu za jamii ya vitamini A, kama tretinoini na adapalini, huachwa siku 5 hadi 7 kabla ya leza. Doksisaiklini, ambayo wengi hupewa kwa chunusi na wengine huimeza kujikinga na malaria, huifanya ngozi iwe nyepesi kuumizwa na mwanga; kliniki nyingi hutaka wiki 2 zipite tangu kidonge cha mwisho. Kuhusu isotretinoini, dawa kali ya chunusi, kwa miaka mingi mgonjwa aliambiwa asubiri miezi 6. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilipitia tafiti na kuandika katika jarida la JAMA Dermatology kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuchelewesha leza ya nywele kwa sababu ya dawa hiyo. Ukiambiwa miezi 6, uliza sababu. Daktari anaweza kuwa nayo, kwa mfano ngozi yako ina historia ya makovu ya keloidi au bado imekauka na kupasuka. Lakini asikwambie tu kuwa ndivyo inavyokuwa.

Kalenda peke yake haitoshi. Angalia ngozi yenyewe: haibanduki tena, haiwaki ukinawa kwa sabuni ya kawaida, na rangi yake imelingana na ya shingo. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo tumia kiganja. Ikiwa shavu lina joto kuliko paji la uso, bado halijapoa. Na kama ulipumzika Zanzibar au Diani ukarudi umepigwa na jua, ongeza wiki 4, hata kama muda wa pilingi umekwisha.

Jambo moja linawapunguzia watu hasara lakini kliniki hazilitaji sana: kusubiri ni kwa sehemu iliyotibiwa. Umefanyiwa pilingi usoni, lakini kwapa na miguu havijaguswa. Leza ya huko inaweza kuendelea kama ratiba ilivyokuwa. Kinachosimamisha mwili mzima ni dawa za kumeza, jua lililokupiga mwili mzima, na mkorogo, yaani krimu za kujichubua.

Sasa tuingie kwenye pesa. Namba zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu. Weka za kliniki yako mahali pake. Tuseme awamu moja ya leza ya kidevu na mashavu ni shilingi 180,000, na kifurushi cha awamu 6 ni 900,000. Kwa kifurushi, awamu moja imeshuka hadi 150,000, na ukimaliza zote umeokoa 180,000. Sasa geuza vocha ya kifurushi upande wa pili, pale maandishi yanapokuwa madogo: itumike ndani ya miezi 6, hairejeshwi, haihamishwi. Awamu za uso huachana kwa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo miezi 6 inatosha, tena kwa shida, ikiwa hakuna kinachokusimamisha. Ukifanyiwa pilingi ya kati katikati ya safari, miezi 3 imekwenda. Utapata awamu 4 badala ya 6, na kila moja itakuwa imekugharimu 225,000. Aliyelipa moja moja kwa 180,000 amekushinda, tena pesa yake ya awamu mbili zilizobaki bado iko mfukoni mwake.

Ndiyo maana nasema, ukilinganisha kliniki mbili, usianze na bei ya awamu. Anza na maswali haya: kifurushi kinaweza kusimamishwa? Kwa miezi mingapi? Nikipata mimba, nifanyeje, maana leza huwa haifanywi kwa mjamzito? Nikiandikiwa dawa na daktari, je? Kliniki inayokubali kusimamisha kwa maandishi, hata ikiwa ghali kwa asilimia 10 au 15, kwa mtu anayetibu pia chunusi au madoa ni nafuu zaidi. Jibu la mdomo la dada wa mapokezi lisikutoshe. Liandikwe kwenye vocha, lipigwe mhuri, na uchukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Malipo yaliyopita kwenye simu ya mtu binafsi hayakupi pa kushika siku ya ugomvi.

Gharama nyingine haipo kwenye vocha yoyote. Doa jeusi lililotokana na leza ya haraka linadai mafuta ya kukinga jua kila siku kwa miezi, krimu ya daktari, ziara za kliniki, na mara nyingi pilingi nyingine, ambayo nayo inasimamisha leza upya. Nimewaona wanawake waliozunguka hivyo mwaka mzima, kila huduma ikitengeneza kazi ya huduma inayofuata, na wote waliokuwa wakilipwa walikuwa chini ya paa moja. Hili linaniudhi, kwa sababu wiki nne za subira zingelizuia.

Mkorogo unahitaji nafasi yake. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, na hapa Tanzania tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, lakini kopo bado linauzwa chini ya meza, na wengi wanaopaka hawamwambii mtoa huduma wa leza. Nawaelewa, swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya kuhukumu, mbele ya wateja wengine. Lakini kunyamaza hapa kuna hatari kubwa. Mtoa huduma hupanga nguvu ya mashine kwa rangi anayoiona. Rangi iliyochubuliwa inamdanganya: juu inaonekana maji ya kunde, lakini chini seli za rangi ni zile zile, tena zimekasirika. Mkorogo mwingi pia una steroidi kali kama klobetasoli, ambayo huikondesha ngozi hadi mishipa midogo ikaonekana. Ngozi hiyo haifai kupigwa mwanga wowote.

Na kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia: steroidi ya kupaka usoni kwa muda mrefu huweza kuotesha nywele. Mwanamke anapaka mkorogo, ndevu zinaota, anakwenda kulipia leza, anarudi nyumbani anapaka tena. Hapo hakuna mashine itakayoshinda. Hatua ya kwanza ni kuacha, na kuacha kwenyewe kusiwe kwa ghafla bila daktari wa ngozi, kwa sababu uso uliozoea steroidi ukinyimwa huwaka na kutoa vipele vibaya. Baada ya hapo subiri rangi yako ya asili irudi na ikae. Inachukua miezi, wala hakuna njia ya mkato ya kununua. Mwambie mtoa huduma ukweli faraghani. Akikucheka au akikwambia haidhuru, ondoka na pesa yako.

Tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo bei mbili tofauti zinakuwa za vitu viwili tofauti kabisa. IPL si leza. Ni taa kali inayotoa mwanga mchanganyiko, na sehemu kubwa ya mwanga huo humezwa na rangi ya ngozi. Vifaa vya IPL vya nyumbani vinavyouzwa mtandaoni vinavutia kwa kuwa unalipa mara moja tu, na watengenezaji kama Philips na Braun huandika wazi kwenye miongozo yao kwamba havifai ngozi nyeusi sana. Vina kihisi kinachovizuia kuwaka vikigusa ngozi hiyo. Hivyo vya bei poa visivyo na jina mara nyingi havina kihisi hicho, kwa hiyo vitawaka tu. Kwa uso uliotoka kwenye pilingi, mimi singeshauri kabisa kifaa cha nyumbani, cha jina au kisicho na jina.

Kwenye kliniki, uliza urefu wa wimbi. Leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 ni nzuri kwa ngozi nyeupe na ni hatari kwa nyeusi. Ya dayodi, karibu 810, inaweza kutumika kwa maji ya kunde na mtu anayeijua, kwa mapigo marefu na ubaridi wa kutosha. Ile ya ndiyagi (Nd:YAG), nanomita 1064, inapita tabaka la juu bila kumezwa sana na rangi, ndiyo maana imekuwa chaguo la kwanza kwa ngozi nyeusi. Kasoro zake nazo zipo: inauma zaidi, na kwa nywele nyembamba inafanya kazi polepole, hivyo unaweza kuhitaji awamu 8 pale mwenzako mweupe alipomaliza kwa 6. Bei yake ya jumla itakuwa juu kidogo. Mimi ningelipa tofauti hiyo bila kusita, hasa baada ya pilingi. Siku hizi kuna mashine zinazotangazwa kuwa na mawimbi matatu kwa pamoja. Uliza kama 755 inaweza kuzimwa, na kama haiwezi, tafuta kwingine. Mwenye mvi kidevuni, au mwenye ualbino, asilipe leza yoyote: unywele usio na melanini hauna cha kukamata mwanga.

Wakati wa kusubiri, nywele zinaendelea kuota, na hapa watu huharibu kila kitu kwa haraka ya kuzitoa. Waksi na uzi hung'oa shina, na leza ikirudi haitalikuta. Zote mbili ziachwe walau wiki 4 kabla ya awamu. Tena waksi kwenye uso unaopakwa tretinoini huondoka na ngozi. Krimu za kuyeyusha nywele zinaunguza uso uliotoka kwenye asidi. Kinachobaki ni kupunguza kwa mkasi mdogo au mashine ndogo ya kunyolea mpaka ngozi iache kubanduka, halafu wembe mpya, kwa kufuata mwelekeo wa unywele. Wembe hauongezi unene wa nywele, ingawa mama zetu walituambia hivyo. Unaukata unywele mahali ulipo mnene, basi. Wanaume wenye vipele vya ndevu, ambao wengi wao ndio wateja wazuri wa ndiyagi, waache tu ndevu ziwe fupi kwa mashine ya kinyozi bila kugusa ngozi.

Kwa anayejiuliza kama leza ina maana hata kidogo kwa pesa hiyo, linganisha na uzi. Kidevu cha kutolewa nywele kila wiki 2 ni mara 26 kwa mwaka. Kwa mfano wa shilingi 5,000 kila mara, ni 130,000 kwa mwaka, au 650,000 kwa miaka 5. Leza ya 900,000 pamoja na awamu moja ya kukumbushia kila mwaka haiwezi kuushinda uzi kwa pesa tupu ndani ya muda huo. Inachokupa ni kidevu kisicho na vipele na madoa ya kung'olewa kila wiki mbili. Kama uzi haukuachii madoa, uzi ni chaguo halali kabisa, na hauhitaji kusimamishwa miezi mitatu kwa sababu ya pilingi. Ngozi ikishapona tu, unarudi.

Njia ya umeme wa sindano, inayoua shina moja moja, ilianzishwa na Charles Michel wa St. Louis mwaka 1875 na haijali rangi ya unywele wala ya ngozi. Kwa mvi kidevuni ndiyo pekee inayomaliza kazi. Ila ni ya taratibu, inalipwa kwa muda, na mikononi mwa asiyejua inaacha vidoa. Ipo pia krimu ya eflonithini, inayopunguza kasi ya kuota. Matokeo yanachukua kama wiki 8, na ukiiacha nywele zinarudi. Dawa hiyo ina historia inayotuhusu. Mwaka 1990 iliruhusiwa kutibu ugonjwa wa malale, ule wa Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Katikati ya muongo huo utengenezaji ulisimama kwa kuwa wagonjwa hawakuwa na uwezo wa kulipa, kisha mwaka 2000 ikatokea kama krimu ya ndevu za wanawake huko Marekani. Ilibidi Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka washinikize ndipo mwaka 2001 yakapatikana makubaliano ya kuitengeneza tena kwa ajili ya malale. Sioni vibaya mwanamke kuitumia kidevuni. Naona vibaya kwamba kidevu kilisubiriwa kuiokoa.

Kabla ya kununua chochote kati ya hivi, mwenye nywele nyingi kidevuni na hedhi isiyo na mpangilio apime homoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, na wengi hawajui. Wakati wa miezi ya kusubiri pilingi ipone, kipimo hicho ndicho matumizi bora ya pesa. Bila kutibu chanzo, leza itakuwa ya kudumu kwa maana ya kuilipia daima. Uso wa watu hawa pia ndio unaoripotiwa zaidi kugeuka: baada ya leza dhaifu, nywele zinaongezeka badala ya kupungua.

Siku ya kurudi ikifika, usikubali kuanza pale ulipoishia. Dai jaribio kwanza. Mtoa huduma anyoe kieneo cha ukubwa wa ukucha chini ya taya, karibu na sikio, akuvishe miwani, apake jeli baridi, apige mapigo mawili matatu. Utahisi mchomo mfupi na kusikia harufu ya unywele ulioungua. Vipele vidogo vinavyozunguka vinyweleo na kutoweka ndani ya siku moja ni dalili nzuri. Lengelenge, ukoko au rangi ya kijivu ni dalili ya kusimama. Kwa ngozi nyeupe huangaliwa baada ya siku 2. Kwa nyeusi ngoja wiki 2, kwa sababu doa letu huchelewa kujitokeza. Jaribio likiwa safi, awamu ya kwanza iwe kwa nguvu ndogo kuliko ile uliyokuwa umefikia kabla ya pilingi.

Na kila awamu ikiisha, omba uandikiwe kwenye kadi yako urefu wa wimbi, nguvu kwa jouli, na muda wa pigo kwa milisekunde, pamoja na tarehe ya pilingi au dawa yoyote uliyotumia. Namba hizo umezilipia. Ukihama mji, au kliniki ikifungwa, mwingine ataendelea kutoka hapo badala ya kukisia juu ya uso wako, na kliniki inayokataa kukuandikia imeshakujibu swali la kama uirudie.